Tenda Wema, Usiende Zako

Methali yetu husema: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Ni methali nzuri kati ya mtu na mtu, kwa sababu humfundisha mtendaji kutodai malipo ya ukarimu wake. Walakini kila methali ina mipaka yake, kama kila shamba lilivyo na mpaka wake, na mtu akiivusha methali nje ya mipaka hiyo huweza kufanya ubaya huku akijiona mwema. Insha hii inadai kwamba methali hii haifai hata kidogo kati ya mtu na ndege. Anayemtupia ndege makombo kisha akaenda zake hakumaliza wema. Ameacha nyuma yake meza chafu, na penye meza chafu maradhi huketi pamoja na wageni.

Msomaji, tazama ua wa nyumba yoyote mjini Voi wakati wa kiangazi. Udongo ni mwekundu, nyasi zimekauka, na upepo kutoka nyika za Tsavo unapeperusha vumbi. Mama wa nyumba anakung'uta ungo wa mchele mlangoni. Mtoto anamwaga ukoko wa ugali kando ya bomba linalovuja. Mwenye nyumba, ambaye anapenda ndege, ameweka sinia kuukuu juu ya gogo, na kila asubuhi hutia humo wali uliolala na mahindi yaliyopondwa. Haupiti muda mrefu kabla wageni hawajafika: tetere na njiwa, shomoro, mnana, na kwezi wenye manyoya ya buluu yanayometameta juani. Chini ya gogo kuku wa nyumbani wanaokota yanayodondoka. Juu ya bati kunguru wanangoja zamu yao. Ni sura ya kupendeza, na mwenye nyumba huwaonyesha wageni wake kwa fahari. Mimi nasema kwamba sura hiyo, kama sinia halioshwi, ni sura ya mtego.

Neno mtego ni kali, na sharti nilitolee hoja. Porini ndege hali mahali pamoja. Tetere huokota mbegu hapa, akaruka, akaokota nyingine kule. Kwezi hufuata wadudu mahali nyasi zilipo na matunda mahali mti ulipozaa. Hata wanapokula kundi zima, ardhi ni pana, na kinyesi cha leo hakikutani na chakula cha kesho. Sinia hubadili desturi hiyo yote. Huwaleta pamoja ndege ambao porini wasingegusana midomo, huwarudisha mahali palepale siku baada ya siku, na huwafanya wale juu ya mavi yao wenyewe. Mgonjwa, ambaye porini angejitenga na kufa peke yake, huja sinianini kwa kuwa hana nguvu tena ya kutafuta, na humo huacha mate na kinyesi chake kwa wazima. Kumbuka kwamba mgonjwa ndiye akaaye sana sinianini, maana hana pengine pa kwenda.

Methali nyingine husema: kikulacho ki nguoni mwako. Ndege naye nguo zake ni manyoya, na ndani yake mna chawa, utitiri, viroboto na kupe. Katika damu yake huweza kuwamo vijidudu vya malaria ya ndege, ambayo si malaria ya watu, na katika matumbo yake mna minyoo. Jambo hili lisikutishe wala lisikuchukize. Ndege wa porini ameishi na wapangaji hao tangu zamani, na aghalabu hupata njia ya kuishi nao: huoga maji, huoga vumbi, huota jua, huchambuana manyoya. Ndege mwenye afya huwalisha wadudu wake bila kufa. Hatari huanza mizani inapoinama, yaani ndege anapodhoofika, au vijidudu vigeni vinapoletwa kwake, au msongamano unapovipa vijidudu njia nyepesi ya kutoka kwa mmoja na kuingia kwa wengi. Sinia chafu huweza kuinamisha mizani kwa njia mbili za mwisho kwa pamoja.

Chukua mfano wa kijidudu kimoja kiitwacho trikomonasi. Ni kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho, na makao yake ni kooni mwa njiwa na jamaa zake. Njiwa wengi hukichukua bila kuonyesha dalili yoyote. Kinda wa njiwa hukipokea kutoka kwa mzazi wake, kwa sababu njiwa huwalisha makinda yake maziwa yanayotoka katika mfuko wa chakula ulio shingoni. Kipanga naye hukipokea anapomla njiwa, na wafuga vipanga wa zamani waliyajua maradhi hayo karne nyingi kabla hadubini haijafika kuonyesha sababu yake. Kijidudu hiki kikizidi nguvu, koo la ndege huota utando mnene wa rangi ya manjano, uwazi wa kupitisha chakula huziba, na ndege hufa kwa njaa huku amesimama juu ya chakula. Humwona akitafuna bila kumeza, mate yakimtoka, manyoya yamevimba kama mtu aliyejifunika blanketi. Anachokitema huanguka sinianini, na mwenziwe hukiokota.

Pengine utasema kwamba haya ni maneno ya vitabuni. Basi tazama yaliyotokea Uingereza, nchi ambayo watu wake hulisha ndege bustanini kuliko karibu nchi nyingine yoyote. Mwaka 2005 maradhi haya yalionekana huko kwa ndege wadogo wa jamii ya chiriku. Aliyeumia zaidi alikuwa chiriku wa rangi ya kijani, ambaye alikuwa mgeni wa kila bustani. Kati ya mwaka 2006 na 2009 idadi yao ilishuka kutoka milioni 4.3 hivi hadi milioni 2.8 hivi. Mwaka 2021 ndege huyo, aliyekuwa wa kawaida kama shomoro wetu, aliandikwa katika orodha nyekundu ya ndege wa nchi ile walio katika hali mbaya. Hakuna mwindaji aliyewapiga risasi. Wengi waliugua palepale walipokuwa wakikaribishwa. Mwaka 2025 chama kikubwa cha kulinda ndege cha nchi hiyo, RSPB, kilisimamisha uuzaji wa meza bapa za kulishia ndege, kwa sababu chakula hulala juu yake pamoja na mate na kinyesi. Waliofundisha dunia kulisha ndege wameanza kujisahihisha wenyewe. Je, sisi tutaiga desturi yao wakati wanapoiacha?

Vuka bahari uende Marekani. Huko katika mwaka 1940 wauza ndege wa New York waliwaachia huru ndege wadogo wa jamii ya chiriku, waliotolewa magharibi mwa nchi, na ndege hao wakazaana mashariki yote wakitegemea sana vyakula vya bustanini. Mwaka 1994, karibu na mji wa Washington, walionekana ndege hao wakiwa na macho yaliyovimba na kufunikwa tongotongo. Sababu yake ilikuwa mikoplasma, bakteria aliyejulikana tangu zamani katika mabanda ya kuku na bata mzinga. Katika miaka michache maradhi yalienea mashariki yote ya nchi ile. Ndege alipofuka, akashindwa kumwona paka, akafa. Ilithibitika baadaye kwamba vifaa vya kulishia vyenyewe vilikuwa njia ya maambukizo: ndege mgonjwa alisugua uso wake kwenye tundu la chakula, akaja mzima akatia kichwa chake katika tundu lilelile. Shika neno hili, msomaji, kwa maana tutalirudia: maradhi yalitoka kwa kuku.

Na kama Uingereza na Marekani ni mbali, njoo karibu, katika bahari yetu ya Hindi. Katika kisiwa cha Mauritius yuko njiwa wa rangi ya waridi asiyepatikana porini mahali pengine popote duniani. Kufikia mwaka 1990 walikuwa wamebaki porini kama kumi tu. Watu wema walishughulika, wakazalisha ndege hao vizimbani, wakawarudisha msituni na kuwawekea vituo vya chakula, na idadi ikapanda hadi mamia. Lakini trikomonasi ilikuwa imekwisha fika kisiwani pamoja na njiwa na tetere walioletwa na watu, nayo iliua makinda wengi katika viota. Watunzaji walilazimika kujifunza kwamba chakula peke yake hakitoshi. Pamoja na chakula sharti kuwe na usafi, uangalizi na dawa. Wale hawakutenda wema wakaenda zao. Walitenda wema wakabaki, na kwa sababu walibaki, njiwa yule angali hai.

Sasa rudi nyumbani. Katika Taita Taveta, kama katika Kenya nzima, kuku wa kienyeji ni benki ya maskini. Kuku huuzwa ili kununua daftari la mtoto, huchinjwa mgeni anapofika, na hutolewa zawadi. Adui mkubwa wa kuku huyo ni kideri. Maradhi haya huletwa na virusi. Kuku hupinda shingo, huhara kijani, huhema kwa shida, na banda lisilochanjwa huweza kubaki tupu kwa siku chache. Watu wengi hudhani kideri ni cha kuku tu. Sivyo. Virusi vyake vimeonekana kuambukiza aina zaidi ya 200 za ndege, na njiwa ni mmoja wao. Fikiri basi juu ya sinia lile la Voi: juu tetere, chini kuku, na katikati punje zilizolowa mate. Ndege wa porini huweza kumletea kuku maradhi, na kuku, ambaye ndiye anayeugua kwa wingi, huweza kumpa ndege wa porini. Sinia limekuwa soko ambalo kila mmoja hupeleka alicho nacho na kurudi na cha mwenziwe.

Hapa ndipo ninapowalaumu wapenda ndege wengi. Mtu hununua mtama wa kuwapa kwezi, akajisifu kwa jirani zake kuwa ana moyo wa huruma, na papo hapo kuku wake hawajapata chanjo mwaka mzima. Chanjo ya kideri ni tone moja katika jicho la kuku, na iko aina inayostahimili joto la nchi kama zetu kuliko chanjo nyingine. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Mtu asiyelinda kuku wake hana haki ya kujiita rafiki wa ndege, kwa kuwa amewaalika ndege katika nyumba yenye tauni. Nasema zaidi: tone lile la jicho ni sadaka kubwa kwa ndege wa porini kuliko gunia la mtama.

Tusisahau maji. Katika mji mkavu kama Voi maji huvuta ndege kuliko chakula. Karai lililojazwa maji na kusahaulika siku kumi chini ya kivuli hugeuka uji wa kijani, wenye manyoya na kinyesi, na viluwiluwi wa mbu hucheza ndani yake. Mbu hao humwuma ndege na humwuma mtu. Ndui ya ndege, ile inayoota vinundu miguuni na machoni, husafirishwa na mbu na kwa kugusana penye vitua vichafu. Homa ya dengue, ambayo ilisumbua Mombasa mwaka 2013 na tena mwaka 2021, huenezwa na mbu wapendao kuzaa katika vyombo vidogo vya maji karibu na nyumba. Ukitaka kujua mbu anavyoweza kuwatenda ndege, uliza habari za visiwa vya Hawaii. Mbu hawakuwako huko mpaka meli zilipowaleta, mwaka 1826 kama wanahistoria wasemavyo. Malaria ya ndege na ndui vilipopata wachukuzi, ndege wa visiwa vile waliokuwa hawajazoea maradhi hayo walikufa kwa wingi, na waliosalia hukaa juu milimani penye baridi, mahali mbu hawastawi. Sasa joto la dunia linapanda, na mbu wanapanda nalo. Yote hayo yalikuja kwa maji yaliyosahaulika ndani ya mapipa.

Wako watakaonipinga, na ni haki wasikilizwe. Wa kwanza atasema: nimelisha ndege miaka mingi na sijaona mzoga hata mmoja uani kwangu. Namjibu kwamba kutoona mzoga si ushahidi wa kutokuwapo kifo. Ndege mgonjwa hujificha kichakani. Akifa alfajiri, siafu wamekwisha mfikia kabla ya saa tatu. Akilegea, paka, nguchiro au kipanga humchukua kabla ya kufa. Ndege hana jirani wa kumpigia yowe wala kaburi la kuhesabiwa. Waingereza wasingejua habari ya chiriku wao kama watu wengi wasingekuwa wakihesabu ndege kwa makini mwaka baada ya mwaka. Asiyehesabu hawezi kusema kwamba hapajapungua kitu.

Wa pili atasema kwa uchungu: je, wakati wa ukame tuwaache wafe? Hii ndiyo hoja yenye uzito, na sitaidharau. Ukame ulioanza mwaka 2020 na kuendelea mpaka mwisho wa mwaka 2022 ulikausha visima, uliangusha ng'ombe na wanyama wa Tsavo, na uliwatesa watu wa sehemu za chini za Taita Taveta. Aliyeweka maji kwa ndege katika siku zile alifanya jambo la kiungwana. Lakini ni katika ukame hasa ndipo msongamano huzidi, miili hudhoofika, na uchafu huua upesi. Njaa humfungulia maradhi mlango. Kwa hiyo hoja ya ukame hainipingi. Inanisaidia. Ikiwa siku za neema sinia chafu ni kosa, siku za dhiki ni kosa maradufu. Toa maji, lakini yamwage jioni na kuyatia mapya asubuhi. Mwenye shida humhitaji msaidizi makini kuliko mwenye raha.

Wa tatu ni yule afanyaye biashara. Atasema kwamba wageni wanaokuja kutazama ndovu wa Tsavo hufurahi kumwona kwezi au hondohondo akitua mezani kuokota mkate, na furaha ya mgeni ni riziki ya mwenyeji. Kuwalisha wanyama ni jambo lililokatazwa katika mbuga zetu za taifa, na katazo hilo halikuwekwa kwa ajili ya nyani peke yake. Mkate uliopakwa siagi na jamu si chakula cha kwezi. Hujaza tumbo bila kujenga mwili, na ndege aliyeshiba mkate huacha kutafuta wadudu ambao yeye na makinda yake wanawahitaji. Zaidi ya hayo, meza ambayo ndege ameacha kinyesi ndiyo meza atakayoilia mgeni anayefuata. Bakteria wa salmonela hawaulizi pasipoti. Mwenye hoteli mwenye akili atawaonyesha wageni wake ndege juu ya mti wa mkuyu, mahali ndege alipo ndege kwelikweli, wala hatamfanya mwombaji wa mezani.

Wa nne ni adui wa namna nyingine. Huyu akisikia habari ya maradhi huruka upande wa pili na kusema: basi ndege ni wachafu, tuwafukuze, tukate miti wanayolala, tuwatilie sumu. Mwezi Januari mwaka 2017 mafua ya ndege yalipoua ndege wa majini na kuku nchini Uganda, kandokando ya Ziwa Victoria, na Kenya ikazuia kuku kutoka huko, wengi walianza kumtazama kila ndege kama mwizi. Fikira hii ni ya upumbavu na ya hatari. Sumu haichagui: humwua shomoro, na kipanga amlaye shomoro, na kuku wa jirani. Ndege hakujenga sinia. Aliyelijenga ni mtu, na anayepaswa kujirekebisha ni mtu. Hata kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na ambaye sasa hula makinda ya ndege wengine na kufuata takataka za miji yetu, hakupanda meli kwa nauli yake.

Nimekwisha kujibu hoja nne. Sasa niingie ndani zaidi, kwa kuwa liko kosa lililo nyuma ya makosa hayo yote. Kosa hilo ni kupenda ndege kwa ajili ya macho yetu, wala si kwa ajili ya uhai wao. Tunampenda ndege ajaye kwetu. Asiyekuja hatumjui, na kwa hiyo hatumhurumii. Inua macho yako kutoka Voi utazame milima ya Taita. Huko Dawida na Mbololo vimebaki vipande vya msitu wa asili vilivyozungukwa na mashamba. Ngangao, mmojawapo wa vikubwa, ni wa hekta kama 120 tu. Katika vipande hivyo anaishi apalisi wa Taita, ndege mdogo sana alaye wadudu majanini, ambaye hapatikani popote duniani ila katika milima hiyo, na ambaye ni mmoja wa ndege walio karibu kutoweka kabisa. Anaishi pia ndege mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, aliyepewa jina la Edmund Heller, naye amebanwa katika misitu ya Mbololo, Ngangao na Chawia.

Ndege hawa hawatakuja sinianini mwako kamwe. Hawali wali wala mkate. Wataalamu waliowapima ndege wa Heller katika miaka ya 1990 waligundua jambo la kusikitisha: katika msitu ulioharibiwa zaidi, mguu wa kulia na wa kushoto wa ndege mmoja hutofautiana urefu kuliko katika msitu ulio salama. Tofauti ni ndogo mno, haionekani ila kwa kipimo, lakini ni alama ya mwili uliokua kwa taabu. Msitu ukiugua, ndege huugua, hata kabla kijidudu hakijamgusa. Na mwili uliokua kwa taabu huwa na nguvu haba ya kushindana na wapangaji wake wa damuni na manyoyani. Kwa hiyo tiba ya kwanza ya ndege ni mti. Sinia huja baadaye, tena mbali.

Basi, msomaji, nakutaka ufanye nini? Ikiwa una kipande cha ardhi, panda mti wa asili utakaolisha ndege bila mkono wako: mkuyu penye maji, mswaki na mgunga katika nchi kavu. Mti husambaza chakula katika matawi mia, hukitoa kwa majira yake, na mvua huuosha. Hakuna sinia duniani lililobuniwa kwa hekima kama hiyo. Ikiwa unaishi mlimani, linda kipande cha msitu kilichobaki kuliko kupanda mkalitusi mpya kando yake.

Na ikiwa ni lazima ulishe, lisha kwa masharti. Toa chakula kidogo kitakachokwisha siku ileile. Toa nafaka kavu kuliko ugali na wali uliolowa, kwa sababu trikomonasi hufa upesi penye ukavu na huishi penye unyevu. Tumia vyombo viwili au vitatu vilivyo mbali mbali, na uvihamishe mahali kila baada ya siku chache. Vioshe kwa sabuni na brashi ya kazi hiyo tu, isiyoingia jikoni. Mara moja kwa juma vitie katika maji yaliyochanganywa na dawa ya klorini, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji, uvisuuze, kisha uvianike. Hapa tuna bahati ambayo Mwingereza hana: jua la Voi ni dawa isiyouzwa. Chombo kilichokauka kabisa juani kimekwisha safika nusu. Watenge kuku wako na mahali hapo, uwape chanjo, na unawe mikono kabla ya kula.

Ukimwona ndege mmoja tu amevimba manyoya, amefumba macho, au anatafuna bila kumeza, ondoa vyombo vyote kwa majuma mawili au zaidi. Hii ndiyo sehemu ngumu kwa mwenye huruma, kwa maana moyo humwambia azidishe chakula. Lakini kuwatawanya ndege ndiyo kuwahurumia. Mzoga usiushike kwa mkono mtupu. Uzike, na ikiwa wamekufa wengi, mpe habari afisa wa mifugo au Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Wanafunzi hasa nawasemesha. Katika nchi yetu vyama vya wanafunzi vya kulinda wanyama vilianzishwa mwaka 1968, kabla ya nchi nyingi za Afrika kufikiri jambo hilo. Huko Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 ndege wasafiri kutoka Ulaya na Asia wamekuwa wakinaswa usiku wa ukungu, wakitiwa pete mguuni, wakiachiliwa, na habari za pete hizo zimetufundisha kwamba ndege anayelala leo katika kaunti yetu alizaliwa katika nchi ambayo hatutaiona maishani. Ndege hana mpaka, na ugonjwa wake hauna mpaka. Uchafu wa ua mmoja si siri ya ua huo. Shule iliyo na bomba, brashi na daftari inaweza kuosha vyombo, kuhesabu ndege, kuandika walio wagonjwa, na kuwa na elimu ambayo wazazi wao hawakuipata. Kazi hii haina fahari. Hakuna atakayekupiga picha ukisugua sinia. Ndiyo sababu inafaa kuwa kipimo cha upendo wako.

Mtu huweza kulishwa na kusema ahsante, tena huweza kusema kwamba chakula kilikuwa kibovu. Ndege hawezi neno hata moja kati ya hayo. Hula alichopewa na kuruka, ama na uzima ama na kifo chake kooni. Kwa kuwa hawezi kukushitaki, sharti ujishitaki mwenyewe kila asubuhi unapolitazama sinia. Kwa jirani yako, tenda wema nenda zako. Kwa ndege, tenda wema, kisha baki uoshe chombo.